Picha Isiyo na Dhahabu

Ugonjwa wa mdogo wangu ulianza na punje za wali. Anakula, anaongea, anacheka, na punje imeganda kwenye mdomo wa chini upande wa kushoto, naye hana habari. Wachimbaji waliokuwa wakila kibandani kwangu waliona ni kichekesho cha bure. Walimwambia anibembeleze nimfunge kitambaa shingoni kama mtoto wa chekechea. Nami nilicheka, maana kijana yule alikuwa na maringo ya usafi, mtu wa kupiga pasi hata fulana ya kuingilia shimoni. Nilipomwambia ajifute, alijipapasa kwa vidole akasema, "Sisikii kitu, dada. Ni kama nashika mdomo wa mtu mwingine."

Siku hizi najua kwamba mdomo unaokufa ganzi bila sababu ni jambo la kumkimbiza mtu hospitali. Wakati ule hakuna aliyejua kati yetu. Pale Segese, machimboni kwetu, tulikuwa na mafundi wa simu, mafundi wa pampu, wauza dawa za kuku na wahubiri wa kila rangi, lakini mtu wa meno alikuja siku za mnada tu, akatandika turubai kati ya muuza viatu na muuza majembe. Alikuwa na koleo, ndoo ya maji na sinia la meno aliyokwisha kung'oa, ambalo ndilo lilikuwa bango lake la biashara. Kwake jino lolote lililomsumbua mtu lilikuwa na dawa moja. Mdogo wangu alikuwa na gego lililolegea upande ule ule wa ganzi, akakaa kwenye kigoda, likatoka kirahisi mno. Yule mng'oaji alijisifu kwamba ana mkono mwepesi.

Shimo la lile jino halikuziba. Alisukutua maji ya chumvi asubuhi na jioni, akatafuna mizizi aliyoletewa na wenzake, na bado likakaa wazi, kisha nyama ikaanza kupanda kutoka humo ndani. Jino la pili yake nalo likaanza kucheza. Baadaye shavu likavimba kidogo, kiasi cha mtu aliyetia pipi mdomoni akaisahau. Hakuwa na maumivu makali, na mtu asiyelia kwa maumivu huku kwetu hahesabiwi kuwa mgonjwa.

Sisi ni watu wa Songwa, Kishapu. Tumekua tukitazama vilima vya kifusi cha almasi ambayo haikuwa yetu, tukaona bora tuje kwenye dhahabu, ambayo angalau unaishika kabla hujanyang'anywa. Mume wangu alinileta, kisha akasikia kuna rashi Chunya, dhahabu mpya inayokimbiliwa na watu, akaifuata, na mpaka leo naamini anatafuta njia ya kurudi. Nilibaki na kibanda cha chakula na huyo mdogo wangu, ambaye mama yetu alinikabidhi kwa maneno machache: "Ukimpoteza huyo usirudi." Mama yangu si mtu wa kubembeleza.

Mwenye duara, yaani yule aliyemiliki shimo ambalo mdogo wangu alichimba, tulimwita bosi kama watu wote. Alikuwa mtu wa sauti ya chini. Sijawahi kumsikia akifoka, na hicho ndicho kilichonifanya nimwogope zaidi ya wafokaji. Alitoa sadaka nono kanisani, alisalimia wazee kwa kuinama, na alipotaka mtu apigwe alisema kwa upole, kama anayeagiza chai.

Siku moja yalipotea mawe. Hayakuwa mawe ya kawaida ya kusagwa kwenye karasha ndipo ujue bahati yako. Yalikuwa mawe yenye dhahabu ya kuonekana kwa macho, yaliyotoka chini yakiwa ndani ya kiroba kilichofungwa, na kiroba kikafika juu chepesi. Wote waliokuwa zamu walipangwa mstari. Upekuzi wa machimboni hauna aibu: viatu, nywele, makwapa, kisha fungua kinywa, ulimi juu, ulimi pembeni, kohoa. Mlinzi alipofika kwa mdogo wangu aliingiza kidole kwenye lile shimo la jino, akabonyeza, damu ikatoka.

"Bosi," akaita, "hapa pamefukiwa kitu. Pagumu."

Bosi alikuja akatazama kwa tochi. Halafu akasimulia, mbele ya watu wote, habari ya mchimbaji mmoja wa Geita aliyejing'oa jino zima, akashindilia kipande cha dhahabu kwenye pengo, akakaa kimya mpaka fizi ikakifunika. Kama ni kweli sijui. Hadithi zote za wizi huku kwetu hutoka Geita, na Geita wanasema zinatoka kwetu. Lakini ukiwa na hadithi ya namna hiyo na mtu mwenye shavu lililovimba, kila kitu kinakaa mahali pake. Amelitoa jino mwenyewe mnadani. Halikumuuma. Shimo halizibi. Shavu linakua. Anashikwa mdomo na kusema hasikii kitu, kumbe anajifanya. Wale wale waliomcheka kwa punje za wali sasa walikumbuka punje moja moja, wakaapa kwamba walimshuku tangu mwanzo.

Walimpiga kwa mkanda wa karasha. Mkanda ule ni wa mpira mnene, hauchani ngozi, unavunja chini ya ngozi. Nilipopata habari walikuwa wameshamlaza, na mchinja mbuzi mmoja wa pale senta alikuwa ananoa kisu chake kwenye jiwe, bila chuki yoyote, kwa sababu ameombwa kazi. Nilifika na mwiko wangu mkononi, nikiwa na unga mpaka viwikoni.

"Mpasueni," niliwaambia. "Mpasueni mbele yangu. Na kuanzia leo mtakula kwa mama zenu."

Wengine walitazama chini. Nilikuwa nawalisha kwa mkopo watu wengi kuliko bosi alivyokuwa anawalipa, na njaa ilikuwa inawajua kwa majina. Bosi mwenyewe alitabasamu.

"Mama, tusigombane," akasema. "Hatuko zama za kale. Tutampeleka Kahama, apigwe picha ya taya. Kama imo, itaonekana. Kama haimo, nitamwomba msamaha mbele ya watu."

Watu wakashangilia. Walimsifu kwa busara na kwa moyo wa kisasa. Mdogo wangu aliinuka kwa viganja, damu na mate vikimchuruzika upande usiosikia, akasema, "Nipigeni picha. Nataka." Na kweli alitaka. Sijawahi kumwona mtu akiitaka hospitali namna ile, na akaitaka kwa sababu isiyokuwa ya hospitali.

Tulikwenda kwa gari la bosi, mimi nimekaa nyuma na mgonjwa, mbele bosi na mlinzi wake. Ilikuwa kliniki ya mtu binafsi, yenye vigae na feni. Mpiga picha alikuwa baba wa makamo mwenye haraka ya kwenda kula. Alimwambia mdogo wangu avue cheni, asimame, aweke kidevu kwenye kikombe cha plastiki, ang'ate kijiti, ashike vishikio, asimeze hata mate. Ile mashine ilimzunguka kichwa taratibu, ikilia kwa sauti moja. Mdogo wangu alifumba macho. Baadaye aliniambia alikuwa anasali.

Picha ilitoka kwenye karatasi ngumu nyeusi, upana wake kama kitambaa cha kufunikia mkate. Yule baba aliibandika kwenye kioo chenye taa. Nikaona taya lote la mdogo wangu limekunjuliwa kutoka sikio hadi sikio, na meno yamejipanga kama anatucheka.

"Swali letu ni moja," bosi akasema. "Humo ndani kuna dhahabu?"

Mpiga picha alimtazama kuona kama ni utani. Hakuwa mgeni wa wachimbaji, akajibu kama alivyoulizwa. "Dhahabu ingetokea nyeupe kabisa, nyeupe kuliko jino. Mfupa ni huu wa kijivu. Hapa hakuna chuma, hakuna dhahabu, hakuna risasi. Hakuna kitu."

Bosi akashusha pumzi. Mlinzi akampiga mdogo wangu begani kwa furaha, pale pale palipokuwa na jeraha.

Mimi nilikuwa bado natazama. Upande wa kulia mfupa ulikuwa umepita vizuri, mstari safi chini ya meno. Upande wa kushoto mstari ulifika mahali ukapotea. Palikuwa peusi, lakini si weusi wa shimo lenye ukingo safi. Kingo zake zilikuwa zimetafunwa, kama mbao ya kitanda iliyoingiwa na mchwa, na jino moja lilisimama humo halijashikwa na kitu.

"Na hapa je?" niliuliza.

Yule baba alisogeza miwani. "Hapo ni vizuri daktari apaangalie," akasema. "Mimi kazi yangu ni kupiga. Kusoma ni kazi ya daktari wa meno, na leo hayupo."

"Lakini umeshasoma," bosi akasema. "Umesema hakuna dhahabu."

"Dhahabu hakuna, mzee."

"Basi imeshasomwa." Akaitoa picha kwenye taa mwenyewe, akampa mdogo wangu kwa mikono miwili, kama anavyotoa sadaka zake. Nikasema tungoje huyo daktari. Mdogo wangu ndiye aliyenikatiza. Alikuwa anacheka kwa nusu ya mdomo, machozi yanamtoka. "Dada, twende. Nimeshinda. Unataka nini tena?"

Nilitaka kumzaba kofi. Nilishindwa kwa sababu hakukuwa na mahali pazima pa kumzaba.

Bosi alitimiza ahadi. Alichinja beberu, akaomba msamaha mbele ya duara kwa ile sauti yake, watu wakala wakanywa. Mdogo wangu alikaa kiti cha mbele, akapewa paja, akalishika tu, kwa kuwa upande wa kutafunia haukuwa na nguvu tena. Kisha akafanya jambo ambalo sitalisahau. Alikuja kibandani kwangu na kamba, akaitundika ile picha kwenye dirisha, mwanga ukiwa nyuma yake, ili kila anayekula aione.

Nikawa napika chini ya taya la mdogo wangu. Watu walikuja makusudi kutazama, hata wasiokuwa na hamu ya chakula. Wachimbaji wana mazoea ya kusoma mwamba, na picha ile waliisoma hivyo hivyo. Wanasogea, wanakunja jicho, wanaonyesha kwa kijiko. "Huu ndio mwamba wenyewe. Hapa umepita. Hapa umekatika. Hakuna kitu hapa, pamechimbwa pakaisha." Wanarudi kwenye maharage yao wameridhika. Mwingine aliweka kidole pale peusi akasema, "Shimo zuri, lakini halina matimba ya kulishikilia, litaanguka." Wakacheka wote, na mwenye taya akacheka nao, akishika shavu.

Alipokwenda mahali popote penye watu wapya, aliishusha picha akaenda nayo. Mnadani alinifuata akiwa nayo kwapani. Mtu akimtazama shavu mara ya pili tu, anaikunjua na kuielekeza juani. Ndipo nilipoanza kuichukia. Uvimbe ulikuwa umetoka kwenye ukubwa wa pipi, ukawa yai, ngozi ikang'aa, na yeye anawaonyesha watu ugonjwa wake kama cheti cha usafi wa mikono.

Nilimwambia twende hospitali. Alikuwa na jibu: ni kipigo kile, damu imevilia, itashuka. Nikamwambia uvimbe ulikuwepo kabla ya kipigo. Akasema, "Kwa hiyo na wewe unaamini niliweka kitu?" Hapo ndipo tulipokuwa tumefika. Ukimwambia mgonjwa kwamba alikuwa mgonjwa, unamwambia ni mwizi.

Kilichomtoa Segese hakikuwa maneno yangu. Meno mawili yalidondoka kwenye uji, bila kung'olewa, akayatema mkononi akayatazama. Wakati ule hata kulala upande ule hakuweza. Sikumwomba tena. Niliishusha picha, nikafunga kibanda mchana kweupe wakati watu wanataka kula, nikamvuta mkono mpaka stendi. Alikuja kwa sababu picha ilikuwa kwangu.

Mwanza, hospitali kubwa, daktari alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye macho ya mtu asiyelala vya kutosha. Alimpapasa shavu, akamgusa mdomo wa chini kwa pamba, akamuuliza anasikia wapi na wapi hasikii. Kisha nikamkabidhi picha. Aliiweka kwenye taa, akasimama mbele yake kwa muda.

"Hii ni ya lini?"

Nikamwambia ni ya kabla ya mvua.

"Na nani aliisoma?"

Nilitafuta wa kumtaja. Nilimfikiria yule baba wa Kahama, nikamfikiria bosi. "Sote," nikasema. "Tulikuwa tunaisoma kila siku tukila."

Hakuelewa, wala sikuwa na nguvu ya kumwelewesha. Alikata kipande cha nyama kikapimwe, akaagiza picha nyingine kubwa zaidi, ya kichwa na kifua. Tulisubiri majibu kwa binamu yetu mlimani, tukipanda mawe na kushuka. Majibu yalipokuja, alituita wote wawili akafunga mlango. Alisema ni saratani ya mfupa wa taya. Alisema wazi kwamba kwenye picha ya kwanza ilikuwa ndogo, na kwamba punje za wali nilizomsimulia zilikuwa dalili yake. Lakini kifuani hakujaonekana kitu. Wakikata nusu ya taya sasa, na dawa zikafuata, ipo nafasi ya kuishi. Hakusema ni kubwa. Alisema ipo, na kwamba inapungua kila wiki tunayokaa.

Mimi nilishalia na kujifuta. Nikamgeukia mdogo wangu nikidhani ataogopa kisu, au uso wake utakavyokuwa, kwa ule urembo wake. Yeye aliuliza jambo lingine, kwa taabu, maana maneno yalikuwa yanamtoka nusu nusu.

"Mkishalikata, mnalipeleka wapi?"

"Maabara," daktari akasema. "Wanalichunguza, wanatuambia kama tumeitoa yote."

"Halafu?"

"Halafu linateketezwa."

Akatikisa kichwa. "Hapana."

Daktari alimweleza tena taratibu, akidhani hajasikia. Mimi nilikuwa nimeshaelewa. Angerudi Segese bila taya. Watu wangeona shavu limeingia ndani, wangetazamana na kusemezana. Alienda Mwanza, mji wa wanunuzi wa dhahabu, akakaa huko, akarudi kile kitu kimetolewa. Picha ilisema hakuna? Picha ilikuwa ya zamani. Mbona amekwenda kukitoa?

"Watasema nilikwenda kulipasua nikauza," mdogo wangu akamwambia daktari. "Nilipigwa kwa ajili ya jina langu, daktari."

"Kaka, jina halitakusaidia ukishakufa."

"Litamsaidia huyu. Anapika pale."

Basi nikafanya kile ambacho mtu mwenye akili zake hawezi kukifanya. Nilimwomba daktari atupe mfupa. Nilimwambia maabara wachukue watakacho, sisi watupe kinachobaki, hata kwenye ndoo, hata kwenye mfuko wa rambo. Nitakwenda nao Segese, nitaita watu wote, tutautia kwenye karasha mbele ya macho yao, tuusage uwe unga, tuukoshe kwenye karai kama mawe mengine, na kila mtu ajionee hakuna hata chembe. Mdogo wangu alikuwa anaitikia kwa kichwa. Uso wake ulipata nuru kidogo. "Hivyo nakubali," akasema. "Hivyo nakatwa hata leo."

Daktari alitutazama kama watu waliofika kwake kwa bahati mbaya. Lakini hakutucheka. Alikaa, akashika kichwa, akasema mfupa wote ni lazima uende maabara, mzima, kingo zake zichunguzwe, na kwamba hakuna hospitali itakayompa mtu taya lenye saratani alibebe kwenye basi. Akasema yuko tayari kuongea na hao watu kwa simu. Ongeeni nao wenyewe kwanza, akasema, hasa huyo mkubwa wao. Neno lake litatosha.

Lilikuwa wazo zuri. Nilimpigia bosi nikiwa pale pale ofisini, nikaweka sauti ya nje.

"Shikamoo bosi."

"Marahaba, mama. Mgonjwa anaendeleaje? Tunamwombea huku."

Nilimweleza yote, saratani, kukatwa, maabara. Nikamwambia kijana anaogopa maneno ya watu. Nikamwomba aseme tu, daktari anasikia, kwamba yeye hana shaka naye, na kwamba akirudi bila taya atamlindia jina. Bosi alitoa pole ndefu, ya kutoka moyoni, nasema hivyo kwa kuwa naamini ilikuwa ya kutoka moyoni. Alisema mimi ni dada wa mfano. Alisema gharama zikituelemea tusione haya kusema.

"Mimi sina neno naye kabisa, mama," akasema kwa sauti yake ile. "Akatwe apone. Ila wakishalitoa hilo taya, mje nalo. Si kwa ajili yangu. Watu wangu tu, waone roho zao zitulie."

Daktari alinyoosha mkono akazima simu mwenyewe. Mdogo wangu alikuwa ameshasimama, anavaa kofia.

Nilimpigia magoti pale kwenye sakafu. Nilimtaja mama. Nilimtukana, nikamwita mjinga, nikamwita muuaji wangu, nikamwambia Segese ichomwe moto na sitapika tena pale. Akaniinua. Alikuwa bado na nguvu ya kuniinua. "Mayu atasikia," akasema, akimwita mama yetu kwa Kisukuma. "Watu watakwenda mpaka Songwa kumwambia kwamba mwanawe aliuza taya. Niache, dada."

Kibanda sikukifungua tena. Nilimpeleka nyumbani Songwa, na daktari alitupigia simu mara nyingi kuliko ndugu. Kila alipopiga nilimwekea sikioni, na kila mara mdogo wangu alimshukuru kwa Kisukuma, wabeja, wabeja sana, akanirudishia simu. Uvimbe ulimfunga kinywa. Nilimwekea uji kwa bomba la sindano kwenye kona ya mdomo iliyobaki, na mama yetu alimshika kichwa bila kunisemesha, kwa kuwa alikuwa ameniambia nisimpoteze na yeye hajasahau. Mwishoni hewa haikupita vizuri. Alikufa ameshika ukingo wa godoro, macho wazi, anakijua kila kitu.

Bosi alikuja mazikoni na gari mbili za watu. Alilia. Alichangia jeneza zuri kuliko nyumba tuliyomtolea. Tulimzika na taya lake lote, kama alivyotaka, jina lake likiwa safi mbele ya kila mtu. Tulipomaliza kushindilia udongo, mmoja wa wale wachimbaji alibaki nyuma, mtu niliyemlisha miaka. Akanisogelea, akanipa pole, halafu akaniuliza kwa sauti ya chini kama familia tutaweka zege juu ya kaburi, kwa sababu, akasema, yeye anawajua wenzake na sururu zao.

Tuliweka zege.